Kutoka punda wa Lamu hadi farasi wa mbio: jibu kwa anayetaka kazi ya usaisi

Ndugu mleta mada, umesema una miaka 22, umefuga kila kitu kuanzia sungura hadi paka wa mtaani, cheti huna, na unauliza kama unaweza kupata kazi ya farasi. Inawezekana. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, mwaka wa 14 huu, na nilianza nikiwa sijawahi kumgusa farasi.

Nimezaliwa Lamu. Kwetu punda ndiye lori: mchanga, simiti, mawe ya matumbawe, yote mgongoni mwake. Utotoni nilikuwa nikiwapeleka punda wa babu kusafishwa vidonda kwenye ile kliniki ya punda iliyofunguliwa 1987, na nilikuwa siondoki mpaka nifukuzwe. Basi nilipokuja Nairobi kwa mjomba nikasikia mazizi fulani ya farasi wa mbio yanatafuta mtu wa kuzoa samadi, nilijiona mtaalamu. Farasi si punda mrefu tu?

Siku ya kwanza niliingia na kifimbo. Si tumelelewa na "punda haendi bila kigongo"? Saisi mkuu, mzee wa maneno machache, alininyang'anya akakitupa kwenye lundo la samadi. "Kijana, punda akiogopa husimama. Huyu akiogopa huondoka, na ukiwa umejizungushia kamba mkononi mtaondoka wote." Sijawahi kuizungusha kamba mkononi tangu siku hiyo.

Miezi mitatu nilikuwa mtu wa toroli na maranda. Kisha kwato. Unasimama kando ya bega, uso umeelekea mkiani, unateremsha kiganja mguuni taratibu mpaka aunyanyue mwenyewe, ndipo unachokoa uchafu kutoka kisiginoni kwenda mbele. Pua nayo inafanya kazi: kwato yenye afya hunuka udongo, iliyoanza kuoza kwa unyevu inakupiga uvundo kabla hujaiona.

Sasa sikia jambo ambalo sisi wapenda wanyama hatulipendi. Palikuwa na farasi mmoja mwekundu, nikamwonea huruma kwa kuwa mbavu zake zilionekana kidogo (farasi wa mbio wengi ndivyo walivyo, mimi sikujua). Jioni mzee akishaondoka, namwongezea makopo mawili matatu ya nafaka. Usiku wa nne nikamkuta anaparua sakafu kwa kwato, anageuka kutazama ubavu wake, shingo yote jasho. Tumbo lilikuwa limemsokota. Farasi hawezi kutapika; kilichoingia kina mlango mmoja tu wa kutokea. Tulimtembeza gizani mpaka daktari alipofika saa tisa usiku na kumpitishia mpira puani. Alfajiri akanya, na sijawahi kufurahia mavi kiasi kile.

Nilikiri. Mzee hakunifokea. Aliniambia nilale mlangoni pa zizi wiki nzima nihesabu marundo ya mavi ya yule farasi, na kila asubuhi nimpe hesabu. Mpaka leo, kabla sijamsalimia farasi natazama hori na sakafu: amemaliza chakula? Maji yamepungua? Amekunya mara ngapi? Mapigo ya moyo akiwa ametulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika, jifunze kuyahesabu kwa vidole chini ya taya. Na jua likikaribia kuzama waingize ndani mapema, maana visubi, vile vijidudu vya jioni vinavyouma, ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na huo hauna tiba. Kuna chanjo tu.

Kuhusu pa kwenda: uwanja wa mbio wa Ngong, shule za kupanda farasi Karen, polo, na safari za farasi Laikipia na Mara. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, polisi wana kikosi cha mbwa na farasi. Ukipata nafasi chuo cha mifugo cha AHITI pale Kabete ukasomee afya ya mifugo, nenda. Mshahara wa saisi peke yake hautakujengea nyumba, nisikudanganye.

Ila kwanza nenda kwenye mazizi saa kumi na mbili asubuhi, farasi wanapotoka mazoezini. Usimtafute mwenye farasi, muulizie saisi mkuu, mwambie uko tayari kusukuma toroli. Vaa buti, si ndala. Na karoti ziache nyumbani.