Chaja ya simu inakatakata pikipiki ikitembea

Ndugu yangu, umesema chaja inashika vizuri pikipiki ikiwa imesimama, ila ukiingia barabara ya mashimo inakata. Usinunue nyingine kwanza. Hiyo ni dalili ya waya uliolegea. Anza na waya hasi. Mara nyingi hufungwa kwenye boliti ya fremu iliyopakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Kwangua mpaka chuma king'ae, au bora zaidi uupeleke moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Kisha tikisa waya chanya na kishikio cha fyuzi huku simu ikichaji. Ukikuta panapokata, kaza hapo. Na tafadhali, usiunge bila fyuzi: waya ukichunika karibu na tangi la mafuta, unaweza kuunguza pikipiki nzima.