Barua kwa mwanangu aliyeniuliza bibi yake yuko wapi

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Bagamoyo. Sisi hatujambo, mvua imenyesha na mama yako amepanda mihogo upya.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umesema mwalimu wa kikundi chenu cha maombi huko Dodoma aliwataka kila mmoja ataje tarehe aliyookoka. Wewe ulipokosa ya kutaja, ukaambiwa ubatizo wako wa utotoni ulikuwa maji tu. Ukamtaja bibi yako, ukaambiwa naye amepotea, kwa kuwa alitegemea rozari na matendo yake. Ndipo ukaniuliza: "Baba, bibi yuko wapi? Na kama Biblia ni moja, mbona kila mtu anasoma lake?"

Nilitaka nikupigie usiku uleule, nikajizuia. Nilikuwa na hasira, na mambo ya Mungu si ya kuyasema kwa hasira.

Wenzako sitawabeza. Baba yako mdogo alikunywa gongo mpaka akauza mabati ya nyumba yake. Akaenda kwenye mkutano wa injili, akarudi analia, na hajaonja tena. Yeye tarehe yake anaijua, na mimi naiheshimu, maana niliona kwa macho yangu. Lakini ukimfanya yeye ndiye kipimo cha kila mtu, bibi yako utampimaje? Alipelekwa kanisani mgongoni mwa mama yake, na hakutoka humo mpaka tulipomtoa kwenye jeneza.

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini, kwa hiyo nivumilie nikiingia kwenye sarufi. Fungua Waefeso 2:8: "mmeokolewa kwa neema". Hapo ni -me-, jambo limekwisha kutendeka. Sasa fungua Wakorintho wa Kwanza 1:18: "sisi tunaookolewa". Hiyo ni -na-, jambo bado linaendelea. Halafu Warumi 5:9: "tutaokolewa". Aliyeandika barua hizi anajitaja kuwa Paulo, mtu mmoja, na wokovu ameuweka katika njeo zote tatu, yaani wakati uliopita, uliopo na ujao. Anayekudai tarehe amechukua -me- akaziacha mbili. Na sisi Wakatoliki tuna kosa letu: tunapenda sana -ta-, tunaishi kama watu wasio na hakika ya lolote, mpaka -me- ya Paulo tunaiogopa. Mimi mwenyewe nilizeeka kabla sijathubutu kuisema.

Kuhusu matendo, ugomvi huu ni wa zamani kuliko kikundi chenu. Paulo anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani, Yakobo 2:24 anasema "kwa matendo yake, si kwa imani peke yake". Martin Luther, Mjerumani aliyeanzisha Uprotestanti, alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, kwenye Warumi 3:28 alitia neno lenye maana ya "peke yake" ambalo halimo katika Kigiriki, akijitetea kwamba ndiyo maana ya Paulo. Barua ya Yakobo akaifananisha na majani makavu. Watu walitengana kwa hayo, na damu ikamwagika.

Lakini wasome wote wawili bila kuruka mistari. Wote wanamleta shahidi mmoja, Ibrahimu. Paulo, katika Warumi 4, anasimama kwenye Mwanzo 15, Ibrahimu anapoamini kabla hajatahiriwa, kwa sababu anabishana na watu wanaodai tohara. Yakobo anasimama kwenye Mwanzo 22, Ibrahimu na Isaka mlimani, kwa sababu mbele yake kuna mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa "nenda kwa amani, ukashibe" bila kumpa kitu. Hawajibu swali moja. Ukimnyang'anya kila mmoja swali lake ukabaki na jibu tu, lazima wagombane. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la pili, kila mtu kusoma lake: mstari uliokatwa kwa jirani zake utasema chochote unachotaka.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, si kwa kustahili kwetu, na neema hiyo hutuita kutenda mema. Halikumaliza kila tofauti. Mwambie mwalimu wako alitafute tamko hilo, kabla hajasema Wakatoliki wote wanajinunulia mbingu.

Sasa bibi yako. Babu yake aliletwa hapa mwambao akiwa mtoto, amefungwa, kutoka bara asikoweza tena kupataja. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni hapa mwaka 1868, walikuwa wakitoa fedha kuwakomboa watoto wa namna yake. Alikombolewa. Hakuomba, hakujua hata lugha ya waliomlipia. Bibi alinisimulia kwamba yule mzee, hata alipokuwa na shamba na wajukuu, akisikia mlango unagongwa usiku alijificha chini ya kitanda. Alikuwa huru tangu siku ile, na alikuwa bado anajifunza kuwa huru. Nikisoma Petro, "mlikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu", namwona yeye. Kwetu sisi kukomboa si neno la mimbarani tu.

Ndiyo maana bibi yako hakuwahi kusema "nimestahili". Jioni ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono, akanong'ona, "Yesu, usiniache." Hakutaja novena zake, zile sala za siku tisa, wala watoto wa watu aliowalea. Kama hiyo si imani, mwanangu, mimi sijui imani ni nini.

Unauliza yuko wapi. Yule mnyang'anyi msalabani aliambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", naye hakuwa na jema hata moja la kuonyesha. Yesu aliyemjibu yule ndiye huyohuyo ambaye bibi alimwita. Siwezi kumkabidhi kwa mikono iliyo salama zaidi, na mwalimu wako hana kiti cha kuhukumu juu yake.

Usikihame kikundi kwa ajili ya barua hii. Kama unaomba vizuri zaidi huko kuliko ulivyoomba hapa, endelea.

Tarehe 2 Novemba tutafagia kaburi lake, kisha kuna misa. Najua wenzako hawakubali kuwaombea marehemu. Hilo tutaliongea barazani ukija, Biblia ikiwa mapajani, na baba yako mdogo nimemwomba awepo. Nitumie siku ya basi nikupokee.

Baba yako