Nyumba ya likizo kando ya Ziwa Tanganyika: uliza habari za maji kabla ya vyumba

Sisi ni watu wa Tabora. Juni huku kwetu ni vumbi, upepo mkavu na midomo kupasuka, na shule zikifungwa tu wanangu huanza kuuliza treni ya Kigoma inaondoka lini. Tangu mwaka 2018 tumekuwa tukipanga nyumba ya siku 8 au 10 kwenye kijiji kimoja kaskazini mwa Kigoma mjini, upande wa kwenda Hifadhi ya Gombe. Kwangu mimi kijiji kile ni kisiwa, ingawa kwenye ramani kimeshikana na nchi kavu. Nyuma yake mlima umesimama, mbele ni ziwa, gari halifiki. Saruji, soda, magodoro, bibi harusi na mgonjwa, vyote vinapita majini.

Wengi wananiuliza nilivyoipata nyumba, ina vyumba vingapi, kodi ni shilingi ngapi. Hayo ni maswali ya mjini. Mahali panapoishi kwa boti, la kwanza ni maji: yanakupitishaje, yanakulishaje, yamefika wapi.

Anza na boti. Boti za abiria hutoka Kibirizi, gati la boti la Kigoma, mchana, zikapakia na kupakua kijiji kwa kijiji, kisha hurudi mjini alfajiri ya kesho yake. Ukiikosa, umelala. Na kiangazi kuna upepo wa kusini unaoweza kuamka ghafla na kulichafua ziwa mpaka nahodha mwenyewe akae chini kusubiri. Mwaka 2019 tulipanga kurudi mjini siku ileile ya treni. Upepo ukavuma usiku kucha, boti haikuondoka, na treni ya Tabora haipiti kila siku. Tulikaa Kigoma siku mbili za ziada kwa hela ya kukopa. Tangu hapo naacha siku nzima ya akiba kati ya boti na treni, nayo naihesabu kwenye bajeti kama kodi ya nyumba. Jaketi za kujiokolea nazo nanunua mwenyewe mjini, za saizi ya watoto. Usitegemee za kwenye boti. Mara nyingi ni za watu wazima, na mtoto huchomoka ndani yake.

La pili ni samaki, na hili liliniuma. Mwaka 2024 nilikuwa nimewaahidi watoto taa. Anayejua ziwa lile usiku anajua ninachosema: mitumbwi ya dagaa ikiwasha taa zake, giza lote la maji linageuka mji, mistari ya mianga mpaka upeo wa macho, na asubuhi ufukwe unang'aa dagaa walioanikwa. Nikatuma kodi yote kwa simu, tukafika Juni. Usiku wa kwanza tukakaa barazani tukitazama giza. Hakuna hata taa moja. Mwanangu mdogo akaniuliza kama wavuvi wamehama.

Kumbe ziwa lilikuwa limefungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka ule, samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano na nchi nyingine tatu zinazolizunguka ziwa: Burundi, Kongo na Zambia. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, maana wazee wa kijijini wenyewe wanasema mgebuka, samaki tunaowapenda wa ziwa lile, wamepungua na kuwa wadogo. Ila aliyenipangisha alijua, na hakuniambia. Nilikuwa nimebeba unga na mchele tu, nikitegemea samaki wa mlangoni. Tulikula maharage siku tisa, na dagaa wa akiba tulionunua kwa bei iliyonishangaza. Kwa hiyo kabla hujatuma senti, uliza: mwaka huu ziwa linafungwa lini, linafunguliwa lini?

Hata ziwa likiwa wazi, angalia mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki juu. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, basi wanapumzika na kushona nyavu. Ukitaka kuona ule mji wa juu ya maji, na kula mgebuka uliotoka majini alfajiri ukapikwa kwa mawese na ugali wa muhogo, nenda wakati wa giza.

Halafu mwulize mwenye nyumba maji yamewahi kufika wapi. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa na ngazi sita za mawe zinazoshuka hadi mchangani. Tuliporudi 2021, baada ya ziwa kupanda, ngazi mbili tu ndizo zilizobaki nje, mchanga umekwisha, na ukutani kuna mstari wa tope uliofika magotini pangu. Choo cha shimo kilikuwa kimezama. Hebu fikiria maji hayo ndiyo watoto wanaogea. Picha niliyotumiwa ilikuwa ya zamani. Siku hizi naomba video ya siku hiyohiyo, mtu atembee kutoka mlangoni hadi majini bila kukata. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa. Nyumba inayolambwa na mawimbi inavutia kwenye picha, lakini mimi nachagua ile iliyopanda juu kidogo, penye miembe.

Kuhusu watoto na kuogelea nitasema kwa kirefu, maana hapa ndipo wageni tunapokosea. Maji ya Tanganyika ni meupe, unaona kokoto na visamaki vya rangi miguuni pako, ukadhani ni kina kifupi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu nyingi za ufukwe wa milima huteremka ghafla. Hatua ya tatu ni magoti, ya sita huna ardhi. Mimi hufunga kamba ya manila kutoka kwenye jiwe hadi kwenye dumu linaloelea, na hakuna anayevuka dumu. Kila asubuhi nawauliza kina mama wanaofua, si vijana, kama mamba ameonekana. Wao ndio wanaoshinda pale.

Penye matete na maji yaliyotulia hatuogi kabisa. Huko ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Tunaoga penye mawimbi na mchanga safi, mbali na mdomo wa kijito, na hata hivyo, miezi miwili hivi baada ya kurudi Tabora nawapeleka wote wakapimwe. Mwaka mmoja mwanangu mkubwa alikutwa na kichocho, akapewa dawa, akapona. Bila kupima nisingejua, kwani hakuwa analalamika chochote.

Umeme, maji ya kunywa, vyandarua: uliza, kisha beba vyako. Kodi lipa nusu kwanza, nusu ukishafika na kuona.

Sasa tumehamia kwa bibi mmoja mwenye vyumba vitatu kule juu penye miembe, na Juni nayo tumeiacha. Tunakwenda likizo fupi ya Septemba, ziwa likiwa limefunguliwa na mvua hazijaanza. Nampelekea asali ya miombo, lita tano kwenye dumu, naye hunifungia mawese na dagaa wa kurudi nao. Wiki iliyopita nilimpigia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo?"

Nikamwambia tarehe. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamwuliza mtu pembeni habari za mwezi.

"Sogeza siku nne mbele," akasema. "Mkija hiyo tarehe yako mtakuta mbalamwezi, wajukuu zangu hawataona kitu."

Nimesogeza. Tiketi nitakata Jumatatu.