Dar hadi Mbeya: kilomita za ramani zilivyoniaibisha ukweni

Mara ya kwanza kwenda Mbeya kwa wakwe nilipiga hesabu ya darasa la tano. Barabara ni kama kilomita 830, basi linaruhusiwa 80 kwa saa. Tukiondoka Dar saa 12 asubuhi, saa 11 jioni niko mezani. Nikampigia mama mkwe kabisa. Nilibisha hodi saa 4 usiku, wali umepoa, mtu mzima wa watu amekaa sebuleni na khanga mabegani ananisubiri.

Ile 80 ni ya kwenye karatasi. Kutoka Mbezi mpaka uipite Kibaha ni foleni. Kila kijiji kina kibao cha 50, na dereva asiyetaka kupigwa tochi anatambaa. Mikumi barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, matuta kibao, na kuna bango linalotaja faini ya kugonga kila mnyama (twiga hagongeki kwa mshahara wangu). Halafu Kitonga, mlima wa kona kali kabla ya Iringa. Siku ile semitrela liliharibikia kwenye kona, utingo wake anapanga mawe nyuma ya tairi, foleni haina mwisho juu wala chini. Tulishuka. Wanaume wakaenda kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Saa mbili na nusu zikaenda hapohapo.

Kwa anga ni kama kilomita 680 tu, saa moja na kitu. Barabara inazidi kwa sababu inazunguka: Morogoro, bonde la Ruaha, inapanda Iringa, inashika kusini hadi Makambako ndipo inakata kuelekea magharibi. Ila saa moja ya ndege nayo usiiamini. Mimi nakaa Kimara. Stendi ya Mbezi ipo jirani, uwanja wa ndege uko upande mwingine wa jiji. Ukishuka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, bado hujafika mjini, ni zaidi ya kilomita 20 kupitia Mbalizi. Mlango kwa mlango mimi hutumia saa tano, sita.

Kwa hiyo, kama ni msiba au usaili, panda ndege, tena ya asubuhi. Niliwahi kukata ya jioni, ikaahirishwa hadi kesho yake, nikalala Dar na begi langu. Tiketi usisubiri wiki ya safari, bei inapaa. Kama unarudi na gunia la mchele wa Kyela, usijidanganye, hiyo ni safari ya basi.

Na sweta ibaki mkononi, isiwe kwenye buti. Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni baridi inakupokea tangu Makambako.

Mama mkwe siku hizi nampigia nikishaipita Makambako, nikifika Igawa.