Kwa mnaoanza kazi ya kufufua chemchemi

Wadogo zangu, wengi wenu mtafika bondeni na gari limejaa miche. Iacheni kwanza garini. Fuateni maji kwa miguu, muone yanapotorokea.

Huku Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, mara nyingi yanatorokea kwenye mitaro ya vinyungu, zile bustani za kiangazi. Mtaro wa kina cha goti ukisahauliwa, maji yenyewe yanauchimba hadi kiunoni, na majani ya pembeni yanakauka. Tunauziba kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa na nyasi zake, yakashindiliwa kwa miguu. Anzeni juu, karibu na jicho la chemchemi. Kizuizi kizidi ukingo kidogo ili maji yatawanyike majanini yasirudi mtaroni. Nyasi zikishika mizizi, hata mvua ya masika haikibebi.

Mwaka wangu wa kwanza nilijaza miti bonde zima. Ilikuwa mivengi, mti unaopatana na maji, nikaona nimefanya vema. Ilipokua, nyasi zilikufa kivulini. Mbayuwayu buluu, ndege adimu anayezaliana huku hadi Hifadhi ya Kitulo, huwinda wadudu juu ya majani yaliyo wazi na hutaga kwenye mashimo ardhini, hata ya muhanga. Tohe naye, aina ya swala, hujificha kwenye nyasi ndefu. Wote hao nilikuwa nawafungia mlango. Siku hizi napanda mivengi michache jichoni tu, na nguvu naziweka kwenye kung'oa mikaratusi inayonyonya maji. Visiki vyake huchipua, kwa hiyo lazima mrudi tena na tena.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Ijueni, lakini msiingie nayo kijijini kama rungu. Kinyungu kile ndicho kinachomlipia mama ada ya watoto. Kaeni naye, mtafute pamoja pa kuhamishia mboga, na ng'ombe wajengewe birika chini ya chemchemi.

Kila wiki pimeni ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde ngapi, hasa Oktoba, kabla ya mvua. Andikeni na vyura mnaowasikia. Mimi kwenye daftari langu nina ukurasa mmoja usio na namba: asubuhi moja, kwenye tope la kizuizi cha tatu, alama mbili ndogo za kwato za tohe, bado zinajaa maji.