Paka mweusi akizaa dume wa chungwa

Juzi dada mmoja wa Malindi ameniandikia: paka wake mweusi ti amezaa wanne, mmoja dume wa rangi ya chungwa, na nyumbani wanamwambia huyo si wake, ameokotwa. Nilipousoma ujumbe ule moyo uliniuma upya.

Mwaka juzi hapa Langoni, paka wangu mweusi Zuhura alizaa watatu nyuma ya mtungi. Mmoja alikuwa dume, chungwa, milia mpaka mkiani. Jirani yangu naye paka wake wa chungwa alikuwa amezaa wiki hiyohiyo, akahesabu watoto akakuta mmoja hayupo. Akaja akasimama dakani kwangu, watu wanatoka kusali alasiri, akaniita mwizi. "Mweusi azae chungwa? Ushaona wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimtoa mtoto, nikampa. Zuhura alimlilia usiku mbili.

Jibu nimelipata baadaye. Uchungwa wa paka hukaa kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli. Dume ana X moja tu, na ameipata kwa mama. Baba awe wa rangi yoyote, hahusiki. Jike ana mbili, ndiyo maana aweza kubeba nyeusi na chungwa pamoja. Mwaka 1961 mwanasayansi Mary Lyon wa Uingereza alieleza kwamba kila seli ya jike huzima X moja: ikizimwa yenye chungwa, manyoya ya hapo huwa meusi, ikizimwa ile nyingine, huwa chungwa. Mwaka 2025 watafiti wa Japani na Marekani wakaitaja jeni yenyewe, yaani kipande cha urithi kinacholeta uchungwa: ARHGAP36.

Basi mweusi ti wa kweli hazai dume wa chungwa. Nilimtoa Zuhura juani saa nne asubuhi, nikamlaza chali, nikapekua manyoya kwa kidole. Chini ya kwapa la kushoto palikuwa na kidoa cha chungwa, kadiri ya punje ya kunde. Kumbe ni paka wa mchanganyiko, weusi umemfunika.

Ndugu zangu, tazameni kabla ya kumsema mtu. Tazameni mama. Mababa hamuwajui, na uzao mmoja waweza kuwa na mashume, yaani paka madume, wawili au watatu. Kijivu ni weusi uliopauka, na mtoto lazima arithi kupauka huko kwa wazazi wote wawili. Mtoto wa rangi tatu msimwahidi mtu kuwa ni dume, karibu wote ni majike. Na mama mtazameni juani, kwa kidole, narudia.

Nilimbeba Zuhura nikamwonyesha jirani kile kidoa. Akasema amekiona, akafunga mlango. Mtoto yule wa chungwa sasa ni shume mkubwa, hulala kwenye baraza ya jirani.

Dada wa Malindi, usimtoe mtoto. Kesho jua likipanda mlaze mama yake chali, uanzie kwapani, kisha kati ya vidole vya miguu. Ukikiona kidoa, waite wote waliokusema waje wakitazame.