Kwa Nini Picha ya GIF Imekuwa Nzito Kuliko Video?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina nyumba ndogo ya wageni hapa Mikindani, na katika tovuti yetu nimeweka picha ya GIF inayoonyesha mashua ikiingia ghubani wakati wa machweo. Video niliyoitumia kuitengeneza ilikuwa na MB 2 tu, lakini GIF yenyewe imefika MB 14, na wateja wanalalamika kwamba inawamalizia bando. Zaidi ya hayo, anga limetoka mistari-mistari, na picha ikishacheza mara moja inasimama. Tatizo ni nini?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, matatizo mawili ya kwanza yanatokana na umbile la GIF yenyewe. Fomati hii ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe ya Marekani, na kila fremu yake, yaani kila picha moja katika mfuatano unaocheza, hutumia jedwali la rangi zisizozidi 256. Anga la machweo linalogeuka polepole kutoka rangi ya chungwa hadi zambarau lina vivuli vingi mno kwa jedwali hilo, kwa hiyo vivuli vinavyokaribiana hulazimishwa kuwa rangi moja, na hapo ndipo mistari inapotokea. Programu nyingi huificha kwa kutawanya nukta za rangi tofauti, lakini dawa hiyo huongeza uzito, kwa kuwa GIF hupunguza ukubwa wa faili kwa kutafuta mifuatano inayojirudia ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, na nukta zilizotawanywa huivuruga mifuatano hiyo.

Uzito ndio jambo kubwa zaidi. GIF inaweza kuhifadhi ule mstatili uliobadilika tu na kuacha sehemu nyingine kama ilivyokuwa katika fremu iliyotangulia, na kwa bendera ndogo inayopepea juu ya ukurasa mtupu hilo linatosha kabisa. Baharini, hata hivyo, kila wimbi hubadilisha pikseli, na GIF haina njia ya kusema kwamba tanga ni lile lile, ila limesogea kidogo kushoto; badala yake hulichora upya. Video ya MP4 ndiyo inayoweza kusema hivyo: hugawa fremu katika vipande, huandika kila kipande kimesogea wapi, kisha huongeza tofauti iliyobaki na kuacha yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi.

Kuhusu kusimama, agizo la kurudia liliingizwa na kivinjari cha Netscape Navigator 2.0, na mpaka leo sehemu hiyo ya faili hubeba jina la Netscape. Programu yako haikuiandika. Wakati wa kuhifadhi, chagua kurudia bila kikomo.

Hata hivyo, kwa picha hii nakushauri kwa dhati uachane na GIF. Weka video yako ya MP4, uiagize ianze yenyewe, ijirudie, na iwe bila sauti, maana vivinjari vingi huzuia video yenye sauti kujianzisha. Ukitaka ibaki picha, fomati ya picha ya WebP ya Google hucheza fremu bila kufungwa na rangi 256, ingawa kwa mandhari ya bahari video kwa kawaida huwa nyepesi zaidi. APNG, yaani picha ya PNG inayocheza, pia haina kikomo hicho, lakini inafaa zaidi michoro kuliko picha za kamera. Vyovyote utakavyochagua, punguza upana ulingane na nafasi iliyopo kwenye ukurasa, na kwa video weka picha mnato ya mashua ionekane kwanza, ili mteja mwenye mtandao dhaifu asikute nafasi tupu.